Bado Kuna Mtu Ndani

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Jumatatu ya juma lililopita, kwenye benchi la mbao mbele ya dirisha la karani wa mahakama ya kaunti: mwanamke wa miaka sabini na moja, koti la kijani, mkoba mweusi mapajani, ameushika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la supu ya moto. Wewe ulikuwa umekwenda kulipia namba za usajili za pikapu yako. Ulimtambua, maana Lempi Karvonen ndiye aliyekupakulia chakula shuleni miaka kumi na miwili, na siku ulizokuja mikono mitupu alikupakulia vilevile, tena akakuongezea viazi. Juu ya ule mkoba kulikuwa na fomu, na herufi zake kubwa husomeka hata kutoka mlangoni: OMBI LA KUVUNJA NDOA. Ukazisoma. Halafu ukageukia ukuta, ukaanza kusoma tangazo la chanjo ya mbwa.

Ulilisoma mara ngapi? Na wewe huna mbwa.

Jioni yake, pale dukani, ukasema: "Lempi anamwacha Reino. Mtu mgonjwa, yeye anamwacha! Kweli dunia imekwisha." Mji wetu huu wa mgodi, hapa Minnesota, una watu elfu mbili na kidogo. Maneno yako yalinifikia kabla sijamaliza kuvua buti. Basi kaa chini. Nitakueleza kile ulichogeuzia mgongo, na ukimaliza kusoma kuna kitu nataka kutoka kwako.

Mimi ni Toni Bradach. Unanijua: miaka thelathini na mitatu mgodini, shule niliacha nikiwa na kumi na sita, na sheria nimejifundisha mwenyewe kwenye meza ya dirishani maktaba, kitabu kimoja baada ya kingine, mpaka yule mama wa maktaba akaanza kunifichia kiti. Watu huniletea fomu zao. Lempi hakuniletea. Aliniita Jumatano, nikaenda, kwa sababu Reino na mimi tulifanya kazi bega kwa bega kwenye kinu cha kusaga mawe tangu tukiwa vijana wenye nywele.

"Shemeji, kaa," Lempi akasema. "Kahawa hiyo. Mkate wa iliki huo. Na usianze kutukana kabla hujala."

"Nimtukane nani?"

"Yeyote. Nakujua."

Reino alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini. Ugonjwa wa kutetemeka ulimwanzia kwenye kidole gumba, huu ni mwaka wa saba. Mwaka jana ukapanda kichwani. Kuna saa yuko nasi, mzaha wake mkali kama zamani, na kuna saa anauliza kama kengele ya zamu imelia. Mikono ile iliyokuwa ikifungua mashine yenye ukubwa wa nyumba na kuirudisha bila kubakiza skrubu moja, sasa kikombe kinamshinda. Mwezi wa tisa alianguka bafuni. Mwezi wa kumi akaanguka tena, Lempi akakaa naye sakafuni saa mbili nzima kwa sababu hakuweza kumnyanyua. Alimwekea mto, akalala pembeni yake, wakasikiliza redio mpaka mtu wa posta alipopita.

Daktari akasema mojawapo: apelekwe nyumba ya kulea wazee, au pale nyumbani wapatikane watu wawili wenye migongo mizima, kutwa mara tatu, kila siku. Lempi akacheka, akamwambia daktari ana mgongo mmoja na nusu. Hakumwomba mtu. Unamjua Lempi. Yeye ni wa kupakua, si wa kupakuliwa.

Basi wakaenda kwa wakili. Binti mdogo, Bi Hedlund, si mtu mbaya. Aliwaeleza huku ameshusha sauti kama anayeuza kitu cha magendo. Nyumba ya wazee inameza akiba ya mtu kama tanuri linavyomeza kuni. Serikali itasaidia, ndiyo, lakini husaidia maskini, na mkiwa mume na mke, cha mmoja kinahesabiwa kuwa cha wawili. Kwa hiyo kwanza kiishe. Na wote wawili wakishazikwa, serikali inaweza kuja kubisha hodi kwenye nyumba yenyewe, idai ilichotoa. Lakini mkiachana, korti ikampa Lempi nyumba na akiba, Reino anabaki hana kitu. Asiye na kitu anahudumiwa.

Umesikia hapo? Rudia kusoma kama hukusikia. Watu wameoana miaka hamsini. Hawajachokana. Na njia ambayo nchi tajiri kuliko zote imewaachia, ili mmoja auguzwe na mwingine asije kufia kwenye chumba cha kupanga, ni kuapa mbele ya hakimu kwamba hawapendani tena.

"Ni karatasi tu," wakili alisema. Binti yao Karen, aliye Arizona, naye akasema kwenye simu: "Mama, ni karatasi tu." Mchungaji akakohoa, akasema Mungu anaelewa, ni karatasi tu.

"Ya ndoa nayo ilikuwa karatasi tu," Lempi akaniambia, akinimiminia kahawa. "Na nikaifulia soksi miaka hamsini."

Tukaanza kujaza. Majina, tarehe, mtoto mmoja mtu mzima. Mwandiko wangu ni mzuri, ndiyo maana nilikuwa na kalamu. Tukafika mstari wa tisa, nikausoma kwa sauti: "Kwamba ndoa hii imevunjika kiasi cha kutotengenezeka."

Reino akageuza kichwa kutoka dirishani.

"Nani kasema?"

"Karatasi, mzee."

"Karatasi imeikagua lini?"

Lempi akaanza kucheka, mkono mdomoni.

"Nauliza vizuri," Reino akasema. "Hakuna fundi anayesema haitengenezeki kabla hajaifungua. Huyo ni mvivu. Mwambie msimamizi wake nimesema."

"Reino, ni maneno ya sheria," nikasema.

"Na sheria ikajifunze ufundi."

Tabu ni kwamba sheria ya Minnesota haikubali neno tupu. Inataka ushahidi: ama mmeishi mbalimbali siku mia na themanini, ama kuna mgogoro mkubwa kati yenu. Kuishi mbalimbali hawawezi, nani atamlisha? Ukabaki mgogoro.

"Basi gombaneni," nikasema. "Nipeni kitu cha kuandika."

Wakatazamana. Watu wazima wawili, wametazamana kama wanafunzi walioulizwa swali ambalo hawakulisoma.

"Anakoroma," Lempi akasema hatimaye.

"Huo si mgogoro, hiyo ni pua."

"Anakata nywele zangu vibaya," Reino akasema.

"Mimi? Nakukata nywele tangu sabini na nne!"

"Ndiyo. Vibaya, tangu sabini na nne."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa umeshika mkasi, mama!"

Lempi alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni. Nami nikacheka, kalamu mkononi, mstari ukiwa mtupu. Sijawahi kuona watu wawili walioshindwa vibaya hivyo kuchukiana.

Halafu Reino akatulia. Akasema polepole, "Mwambie aandike lile la sanduku."

Kicheko kikaisha.

Sikuwa nalijua lile la sanduku. Lempi akalisimulia akiwa amesimama, anafuta meza iliyokwisha kuwa safi.

Ulikuwa mwaka wa ule mgomo mrefu, mwezi wa nne wa mgomo. Baba yako alikusimulia: mgodi wote kimya, kuta zinasikia njaa. Reino alimpata kulungu mmoja, dume nono, akamning'iniza kwenye kibanda. Lempi alikuwa na mimba ya miezi minane. Akampima kulungu yule kwa macho, akapanga majira ya baridi yote kichwani: hii supu, hii ya kukausha, hii ya siku ya kujifungua. Asubuhi moja akaenda kibandani na kisu, akakuta shingo. Shingo tu. Reino alikuwa ameamka alfajiri akamgawa, nyumba tano zenye watoto, hakumwambia mkewe.

"Sikukasirika kwamba aligawa," Lempi akasema. "Ningegawa mwenyewe. Nilikasirika kwamba hakuniuliza. Nikapanga nguo kwenye sanduku, nikamwambia naenda kwa mama yangu. Nikaingia chooni kidogo. Nilipotoka, huyu bwana amelitia sanduku kufuli lake la kazini."

Lile kufuli unalijua. Baba yako alikuwa nalo, likigonga mkandani akitembea. Kila fundi wa mgodini ana lake, na kadi nyekundu yenye jina lake. Kabla hujaingia ndani ya mashine kuitengeneza, unazima swichi, unaitia kufuli, unatundika kadi: HATARI, USIWASHE. Ufunguo ni mmoja, unakaa nao mwilini. Hakuna msimamizi, hakuna meneja, hakuna mwenye mgodi mwenyewe anayeruhusiwa kulitoa kufuli hilo. Aliyelifunga ndiye anayelifungua. Kwa sababu maana yake ni moja tu: kuna mtu ndani. Na ukiwasha, unamuua.

"Ukafanyaje?" nikauliza.

"Nikalibeba hivyohivyo. Maili mbili kwenye theluji, tumbo huku, sanduku huku. Siku tisa nikavaa magauni ya mama, hayafungi mbele, nimejifunga pazia."

"Baba yako alikuwa na mkasi wa kukatia chuma kwenye banda," nikasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nauazima. Mbona hukukata?"

Akanitazama kama aliyesikia mtu akitukana kanisani.

"Shemeji. Kufuli la mtu halikatwi."

"Siku ya tisa nikaenda," Reino akasema kutoka dirishani. "Na samaki watatu niliowavua chini ya barafu. Na ufunguo. Nikamwambia mbele ya mama yake: nimekosa, sitagawa tena bila kukuuliza. Akasema, fungua basi, pazia linanikwaruza."

Nilikuwa natazama kikombe changu. Kwa sababu paja moja la kulungu yule lilikuja mlangoni kwangu. Nililila, na mke wangu marehemu, na watoto wetu watatu, na siku hiyo nilisimama kwenye jukwaa la mgomo nikahutubia juu ya mshikamano nikiwa nimeshiba. Sikuuliza limetoka jikoni kwa nani. Mimi, ninayekufokea wewe kwa kutazama tangazo la mbwa.

"Niandike hilo?" nikauliza.

"Andika," Lempi akasema. "Ndilo pekee tulilo nalo."

Nikaandika. Mgogoro mkubwa uliosababisha wahusika kuishi mbalimbali. Nikaacha mwaka. Nikaacha samaki. Nikaliacha pazia. Niligeuza kitu kizuri kuliko vyote nilivyovisikia mwaka huu kuwa ushahidi wa chuki, kwa mwandiko wangu mzuri, na Lempi akaweka sahihi, na mimi na yeye tukaushika mkono wa Reino mpaka ukaweka yake. Tukakubaliana Jumatatu asubuhi nitampeleka kwa pikapu. Chumba kwenye nyumba ya wazee kingemngoja Reino mpaka Ijumaa hii, si zaidi.

Jumamosi nikaenda kusaidia kumpeleka sauna, kuoga kwa mvuke. Kile kibanda nyuma ya nyumba alikijenga babu yake Reino kabla hajajenga nyumba yenyewe, maana wazee wao wa Kifini waliamini mtu anaweza kulala popote lakini hawezi kuoga popote. Kila Jumamosi ya ndoa yao, saa kumi jioni, wameingia humo wawili. Sasa tunamfikisha kwa kiti cha magurudumu, mimi namshika kwapani, Lempi miguu, tunampandisha benchi la chini. Halafu mimi natoka, nakaa nje kwenye gogo, nangoja niitwe.

Mlango ule ni wa mbao nyembamba. Sikutega sikio. Lakini sikuziba pia.

Nikasikia maji yakimwagwa kwenye mawe, mvuke ukitoa ile sauti yake. Nikasikia ndoo. Nikasikia Lempi akisema, "Inua mkono. Huu mwingine. Haya, uache utetemeke, unajiosha wenyewe." Reino akacheka. Kisha sauti yake:

"Jumatatu ukishapeleka ile karatasi, nani ataniosha?"

"Mimi."

"Wewe utakuwa nani?"

"Mwanamke anayekuosha."

"Kule kwa wazee watakuuliza. Wana daftari mlangoni. Wewe ni nani kwa mgonjwa?"

"Nitasema dada."

"Dada yangu alikuwa na sura mbaya. Hawataamini."

"Reino!"

"Mungu amrehemu. Lakini alikuwa nayo."

Maji tena. Muda mrefu maji tu. Halafu Lempi akasema kitu ambacho sikutakiwa kukisikia, na nakuandikia kwa kuwa aliniruhusu: "Mimi siogopi kukupeleka. Naogopa siku utakayokuwa umesahau kila kitu, uniulize mimi ni nani kwako, na niwe sina jibu la kweli."

Reino hakujibu. Nilidhani amekwishapotea, amerudi kwenye zamu yake ya zamani. Nilidhani vibaya.

Leo ni Jumatatu. Asubuhi saa mbili niliegesha pikapu mlangoni kwao, nikaacha injini inanguruma. Lempi alikuwa anazoa theluji ya ngazini kwa koleo, amevaa lile koti la kijani, amejipaka rangi ya mdomo kidogo. Nadhani hakutaka hakimu afikiri ameachwa. Tukaingia kuchukua mkoba.

Mkoba ulikuwa mezani jikoni. Kwenye vishikio vyake viwili, na kwenye tundu la zipu, limepita kufuli. Kufuli la shaba, limechakaa pembe, na namba ya Reino ya mgodini imegongwa ubavuni. Chini yake kadi nyekundu, kingo zimekatika kwa uzee. HATARI. USIWASHE. Kwenye mstari wa jina, herufi zinapanda na kushuka kama barabara mbovu: R. KARVONEN. Na kwenye mstari wa sababu:

BADO KUNA MTU NDANI.

Mikono ile. Kikombe kinaishinda. Sijui ilichukua muda gani kulipitisha kufuli lile kwenye tundu la zipu. Lempi alikuwa nje na koleo labda nusu saa. Alitoka kitini peke yake, akatafuta, akaandika, akafunga, akarudi, akajifunika blanketi. Angeweza kuvunjika nyonga. Alikuwa amekaa pale anatazama nje kama asiyehusika.

Ndani ya pikapu yangu kuna mkasi wa kukatia chuma. Upo siku zote.

"Shemeji, usithubutu," Lempi akasema.

"Sijasema kitu!"

"Umelitazama gari."

Akaenda akapiga goti mbele ya kiti. Goti lile linamuuma, akapiga hivyohivyo.

"Mzee wangu. Ufunguo uko wapi?"

"Kazi haijaisha."

"Kazi gani, Reino?"

"Bado kuna mtu ndani."

"Nani? Nani yuko ndani?"

Akamtazama sana. Sijui kama alikuwa mgodini au alikuwa jikoni. Sijali.

"Wewe," akasema. "Na mimi." Kisha akainua kidevu akanionyesha mimi. "Na yule msemaji amesimama karibu mno na mkanda wa mashine. Mwambieni arudi nyuma."

Nikarudi nyuma. Naapa, nilirudi hatua mbili, mgongo ukagonga friji.

Lempi akalaza shavu lake kwenye goti la mumewe. Ule mkono unaotetemeka ukashuka kichwani kwake, na pale juu ya nywele ukatulia. Si kwa muda mrefu. Lakini ulitulia, nilikuwepo.

Baadaye akasimama, akavua koti la kijani, akalitundika. Akampigia wakili simu mbele yangu.

"Bi Hedlund, hatuji leo."

Sikusikia upande wa pili.

"Hapana, hajazidiwa. Kuna kufuli." Kimya. "Kufuli, ndiyo. Kwenye mkoba." Kimya. "Samahani, mwanangu, baba yako alifanya kazi gani?" Kimya. "Bima. Aha. Basi hutanielewa, lakini nakushukuru." Akaweka simu. Akaniambia, "Anasema Ijumaa saa kumi chumba kinapewa mtu mwingine. Anasema tukate."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema mwaka ule nilingoja siku tisa nimevaa pazia." Akamimina kahawa, akamshikia Reino kikombe mdomoni. "Ila safari hii sina siku tisa, shemeji. Nikimngoja afungue, naweza kumwangusha. Nikikata, nimemkana. Niambie wewe uliyesoma. Nifanyeje?"

Sikuwa na jibu la kitabuni. Nimezitafuta sheria zote, nazijua kwa namba za kurasa. Nilikuwa na jibu la mgomoni. Nikamuuliza kitu kimoja: "Lempi, utakubali kupakuliwa?"

Reino ndiye aliyejibu.

"Safari hii tumemuuliza kwanza," akasema. "Mwambie akubali."

Akakubali. Kwa kunong'ona, lakini amekubali, na mimi nimekuja moja kwa moja mezani kwangu kukuandikia kabla hajabadili nia.

Sasa sikiliza. Daktari alisema watu wawili, kutwa mara tatu. Asubuhi kumtoa kitandani, mchana kumpeleka chooni na mezani, jioni kumrudisha. Watu wawili mara tatu ni watu sita kwa siku. Mji wenye watu elfu mbili hauwezi kukosa migongo sita. Ikipatikana, chumba kile apewe mwingine, na Ijumaa hakuna anayeapa uongo.

Sikudanganyi kwamba hilo linatosha. Sheria ni ileile, na nyumba ya pili kutoka kwako kuna mkoba mwingine unaosubiri. Jumatano saa nne asubuhi mwakilishi wetu wa jimbo anakuja kunywa kahawa kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi, anataka kura. Usiku huu nachapa kadi nyekundu mia tatu. Zitasema HATARI, USIWASHE, na zitakuwa na mstari wa jina. Tutazitundika kila mahali atakapogusa: mlangoni, kwenye kiti, kwenye kipaza sauti, kwenye usukani wa gari lake. Hataondoka mpaka atuambie mbele ya watu atafanya nini na sheria inayowasha mashine wakati watu wamo ndani.

Lakini wewe naanza nawe kabla ya Jumatano.

Kulungu yule alikwenda nyumba tano. Miaka arobaini na saba, na sijasahau hata moja, maana mimi ndiye niliyeandika orodha ya wenye watoto. Paja moja lilikuja kwangu. Paja la pili lilikwenda kwa wajane wawili waliokaa nyumba moja mtaa wa chini. Mabega yalikwenda kwa Lindgren. Mbavu kwa wale wa nyumba ya kona. Na mgongo, ile nyama laini kuliko zote, ilikwenda kwa mtu aliyekuwa na mtoto wa miaka miwili anayekohoa. Mama yake alimchemshia mchuzi, akapona.

Mtoto huyo ni wewe.

Orodha ya zamu ninayo mkononi. Ya kwanza ni kesho, saa moja asubuhi, mlango wa nyuma, usibishe hodi, vua buti. Jina langu nimeshaliandika. Mgongo wangu una miaka sabini na tano lakini upo. Mstari wa pili uko mtupu. Chukua kalamu. Si kesho, si ukimaliza kufikiri. Andika jina lako, sasa hivi.